Fleti, kiwanja na kisima: maswali tunayoulizwa kila siku mtaani kwetu Ng'ambo, Zanzibar mjini

Tangu tangazo la kujenga fleti juu ya kiwanja cha mtaa wetu libandikwe kwenye mlango wa ofisi ya sheha, sipiti njiani bila ya kusimamishwa. Naulizwa nikitoka msikitini, naulizwa dukani nikinunua tukuza ya umeme, naulizwa hata ninaposubiri urojo wangu. Mimi ni karani wa kamati ya mtaa, nimezaliwa hapa hapa, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Michenzani, na maswali yenyewe ni yale yale. Nimeyaandika pamoja na majibu yake. Kabla ya kuyatoa niliyasoma barazani mbele ya wenzangu, na pale niliposahihishwa nimerekebisha.

Kwa hivyo nyinyi mnapinga ghorofa?

Hatupingi. Hili ndilo swali la kwanza la kila mtu na ndilo linaloniuma zaidi, maana wapo wanaotutangaza kwamba kazi yetu ni kukataa tu.

Tuangalie hesabu. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 1,303,569 Zanzibar. Sensa ya 2022 ikawakuta 1,889,773. Hao ni zaidi ya watu laki tano na themanini elfu walioongezeka ndani ya miaka kumi, katika visiwa ambavyo havikuongezeka hata pima moja. Wanalala wapi? Wengine tumebanana nao humu humu: nyumba iliyojengwa kwa familia moja sasa ina familia nne, na ua uliokuwa wa kupikia umezungushiwa mabati ukawa chumba. Wengine wamekwenda Fuoni, Kijitoupele, Mbuzini, hadi Tunguu, na kila walipofika minazi imeanguka na shamba la muhogo limekatwa viwanja. Anayeikumbuka Fuoni ya mashamba anajua ninachokisema. Na maji tunayokunywa yanatoka chini ya ardhi hiyo hiyo. Unguja hatuna mto mkubwa wa kuutegemea, tuna chemchem na visima. Msitu wa Masingini haukuachwa pale kwa ajili ya mandhari, umeachwa ili mvua ipate pa kuzama.

Kwa hivyo mji kupanda juu ni jambo la maana, na jengo lililopangwa vizuri linaokoa shamba la mtu. Tunachokikataa ni ghorofa inayowekwa juu ya kiwanja pekee cha mtaa, inayofukia kisima na kuziba njia, halafu wakaletwa watu zaidi waishi pahala ambapo hapana tena pa mtoto kucheza wala pa kutandika jamvi.

Basi mnataka nini hasa?

Tunataka kila kitu kinachotumiwa na mtaa kwa pamoja kionekane kwenye ramani kabla mchoro wa jengo haujapitishwa. Kikishaonekana, tutabishana. Pengine mtaa wenyewe utakubali kutoa kimoja ili upate kingine, na hilo halina ubaya. Lakini kitu kisichoandikwa hakipati hata nafasi ya kubishaniwa. Mchoraji anafungua karatasi, anaona peupe, anapiga mstari, na mambo yamekwisha.

La pili, wanaovunjiwa nyumba wajue kwa maandishi, kabla ya nyundo ya kwanza, watarudi wapi na lini.

Hiyo "mali ya mtaa" ndiyo nini? Kile kiwanja hakina mwenyewe.

Neno hilo "hakina mwenyewe" ndilo lililotufikisha hapa, kwa hivyo nitalijibu kwa kirefu.

Mwezi uliopita tulitoka baada ya sala ya alasiri na kamba ya mita 50 tuliyoiazima kwa fundi, daftari la skuli na kalamu mbili. Watoto walitufuata, mmoja tukampa kamba ashike ncha. Tulianza na kiwanja. Kwenye mchoro tulioonyeshwa, kiwanja kile kimeandikwa maneno mawili, "eneo wazi". Sisi tuliandika yanayofanyika pale, na ukurasa haukutosha. Mpira kila jioni. Watoto wa madrasa wanapojipanga maulidi yakifika. Masufuria ya biriani ya arusi, mafiga yamewekwa upande wa ukutani ambako upepo haupigi. Alama za moshi bado ziko kwenye ukuta. Majamvi ya hitma. Gari la maji likija, linasimama pale. Na nyumba ya jirani yetu iliposhika moto, vitu vilikimbizwa pale, makochi na mashine ya kushonea na kabati la vyombo, vikalala nje usiku kucha bila ya kupotea hata kijiko.

Tukaja kwenye mti wa mkungu. Chini yake pana baraza ya saruji iliyomeng'enyeka kwa kukaliwa. Hapo ndipo wazee wanapokunywa kahawa na kucheza bao, hapo ndipo dhumna inapopigwa mpaka usiku, na hapo ndipo mume na mke waliokosana wanapoanza kusuluhishwa kabla habari hazijafika kwa kadhi. Kijana aliyeshika daftari akaniuliza aandike nini: mti au baraza? Tukaandika vyote viwili, kila kimoja kwa mstari wake, kwa sababu mti unaweza kubaki na baraza ikavunjwa.

Tulikuwa tunakunja kamba pale Bi Mkubwa mmoja, aliyekuwa amekaa mlangoni kwake akitutazama tangu mwanzo, alipouliza: "Na kisima mmekiandika?" Tukatazamana. Kisima kipi, Bi? Akainuka na mkongojo wake, polepole, akavuka njia mpaka kwenye magunia ya makaa ya muuzaji wetu, akagonga chini. "Ondosheni haya." Tulipoondosha magunia tukaona kifuniko cha zege kina pete ya chuma iliyoliwa na kutu. Vijana wawili walikinyanyua upande mmoja kwa shida, mtoto akatupa kijiwe ndani, na sote tukanyamaza kusikiliza. Maji yaliitika. Bi Mkubwa akasema wao walikunywa hapo, na mfereji ulipokauka siku nyingi walirudi hapo hapo. Mimi nina umri wa miaka 47 na nimepita juu ya kisima kile maisha yangu yote.

Hiyo ndiyo mali ya mtaa. Mwenyewe ni sisi, na kosa letu lilikuwa kutoandika.

Mambo ya uhifadhi si ya Mji Mkongwe?

Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na una mamlaka yake ya uhifadhi na sheria yake. Sisi huku hatuna kinga ya namna hiyo. Lakini hata kuwa kwenye orodha hakulindi jengo kwa peke yake: sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na jumba lilikuwamo.

Kuna jambo watu wengi hawalijui. Mwaka 2011 UNESCO yenyewe ilitoa pendekezo la kuutazama mji wa kihistoria kwa upana wake: majengo, na pia viwanja, njia, mila na maisha ya watu wanaoishi ndani yake. Hapa kwetu, kuanzia 2013, Idara ya Mipango Miji na Vijiji kwa kushirikiana na Jiji la Amsterdam na taasisi ya African Architecture Matters waliendesha mradi ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo. Walipita mitaani, wakauliza watu, wakachora kwenye ramani mambo kama baraza, viwanja na sehemu za kukutana. Kwa hivyo mtu akikwambia kuandika baraza kwenye ramani ni upuuzi wa watu wasiokuwa na kazi, mjibu kwamba wataalamu wa mipango miji wamekwisha kuifanya kazi hiyo, tena wa Serikali.

Lakini Ng'ambo ni vibanda tu. Ina historia gani ya kuhifadhi?

Ng'ambo ni ng'ambo ya nini? Ya maji. Palikuwa na hori lililoutenga Mji Mkongwe na upande wetu, na Darajani ni pale palipokuwa na daraja. Hori limefukiwa, jina limebaki. Waliokaa upande huu walikuwa wachukuzi, mafundi, wavuvi, mama lishe, watumwa walioachwa huru na watoto wao. Nyumba zao ni zile unazozijua: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma wenye jiko na choo na, kwa aliyejaaliwa, kisima.

Na watu hao walishapigania makaazi yao zamani sana. Mtu alikuwa na nyumba yake, lakini ardhi chini ya nyumba ilikuwa ya mwingine, na miaka ya 1920 wenye ardhi wakapandisha kodi. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakagoma kulipa kodi ya ardhi. Wanawake walikuwa mbele katika mgomo ule. Serikali ya kikoloni ilikamata watu, lakini mwishowe ikalazimika kuweka sheria ya kuzuia kodi ile isipandishwe ovyo. Mwaka huo huo Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilikuwa ikitoka Ng'ambo hii hii, alikwenda Bombay kurikodi santuri.

Huwa nawaambia vijana wa kamati kwamba wanapoandika barua kuhusu kiwanja, wanaendeleza kazi ambayo bibi zao waliianza. Wengine hawakuwahi kulisikia hilo skuli.

Michenzani je? Si majumba yale yanaonyesha kuwa tukivunja tutapata maisha bora?

Michenzani inaonyesha mengi, na ndiyo maana ukitaka kuzungumza habari za ghorofa Zanzibar lazima uanzie pale.

Mwaka 1968 mtaalamu kutoka Ujerumani Mashariki, Hubert Scholz, alichora mpango wa mji, na Serikali ya Mzee Karume ikaanza kujenga. Nyumba za Kiswahili zikavunjwa, zikapitishwa barabara mbili pana zinazokatana, na kando yake yakasimama majumba marefu ambayo leo mtu akishuka na ndege anayaona kabla ya kitu chochote. Nia ilikuwa njema, na hilo nalisema kwa moyo mmoja. Mtu aliyekuwa akilala kwenye nyumba ya udongo alipewa fleti yenye choo ndani, umeme na mfereji, bila ya kodi. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Mpango wote kama ulivyochorwa haukukamilika.

Mama yangu mdogo aliishi ghorofa ya nne. Nikienda kwake siku za skuli nilipenda dirisha lake, kwa sababu unaona mji wote mpaka bahari. Lakini maji hayakuwa yakifika juu. Kila alfajiri nilisikia ndoo ngazini, na nikilala kwake, ya kwangu ilikuwamo. Bibi alipofariki pale juu, jeneza lilishushwa likiwa limesimamishwa karibu wima kwenye kona za ngazi, wanaume wanne wakinong'onezana "taratibu, taratibu", na mama yangu mdogo aliziba uso kwa kanga asione. Nyumba ile haikuwa mbaya. Aliyeichora hakuuliza watu wa hapa wanazikana vipi.

Tazama pia watu walifanya nini baadae. Chini ya majumba yale pakaota baraza, meza za kahawa, vibanda vya chipsi na vitumbua, viwanja vya mpira kwenye kila pembe iliyobaki. Walizoea kukaa pamoja kwenye nyumba za chini, wakaendelea kukaa pamoja chini ya ghorofa. Hilo linanipa matumaini. Linaonyesha kuwa ghorofa na baraza vinaweza kuishi pamoja, ikiwa tu nafasi ya baraza imeachwa tangu kwenye mchoro na watu hawakulazimika kuiiba kando ya barabara.

Kwa hivyo tunapokwenda kwenye kikao tunakuwa na maswali matatu tuliyojifunza Michenzani. Maji yatapanda kwa pampu ipi, na umeme wa pampu hiyo atalipa nani? Jeneza litashuka vipi, na maiti ataoshewa wapi? Aliyevunjiwa atarudi yeye, au atarudi mwenye pesa?

Ardhi yote ya Zanzibar ni ya Serikali. Sasa mtaa una haki gani?

Ni kweli kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iliwekwa chini ya Serikali, na Sheria ya Umilikaji Ardhi ya 1992 inamtambua mtu kwa haki ya matumizi ya ardhi. Ndiyo maana kwetu mtu anaweza kuwa na mnazi kwenye ardhi isiyokuwa yake, na jambo hilo haliwashangazi watu wa hapa.

Lakini ardhi ya umma ina umma wake, na umma huo una njia za kusema. Anza kwa sheha, kwa barua. Nakala ipeleke Baraza la Manispaa, kwa diwani wako na kwa Mwakilishi wako. Mambo ya hati na matumizi ya kiwanja yako Kamisheni ya Ardhi. Mambo ya mchoro wa eneo yako kwa watu wa mipango miji. Mradi mkubwa unahitaji tathmini ya athari za mazingira kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2015, na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA, ndiyo ya kuulizwa. Wakati wa tathmini hiyo wananchi huulizwa maoni, kwa hivyo msiwaachie watu watatu wanaopita njiani wawasemee. Ugomvi wenyewe wa ardhi una mahkama yake, Mahkama ya Ardhi, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994.

Popote unapopeleka barua, chukua na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Hilo nalirudia kila kikao mpaka wenzangu wamechoka kunisikia.

Na kama ni wakfu?

Hapo mambo yanabadilika kabisa. Kitu kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi na hakitolewi zawadi, na sharti aliloliweka mwenye kuweka wakfu linafuatwa. Msikiti, chuo cha Kurani, kisima, makaburi, hata nyumba ya kukaa maskini wa ukoo vinaweza kuwa wakfu, na katika Ng'ambo ya zamani vilikuwapo vingi. Msimamizi ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Tatizo ni kwamba wakfu nyingine zilitolewa kwa mdomo mbele ya mashahidi, na mashahidi wamekwisha kufa. Ikiwa mzee wako alikuwa akisema "pale ni pa wakfu", usingoje. Kaa na mkubwa wa ukoo aliyebaki, andika anachokumbuka, aweke saini au dole gumba mbele ya mashahidi, kisha nendeni Kamisheni mkaulize kama imesajiliwa. Kama kuna karatasi ya Kiarabu imelala kwenye kasha, usiikunjue kwa nguvu. Mpelekee maalim anayejua kusoma hati za zamani.

Tangazo limeshabandikwa. Nifanye nini leo?

Lipige picha, na picha ionyeshe tarehe na mlango wenyewe. Soma siku ya mwisho ya kupokea maoni. Halafu wambie majirani watano, uso kwa uso, usitegemee ujumbe wa simu tu.

Nasema hivi kwa sababu sisi tulishachelewa mara moja. Miaka michache nyuma palikuwa na kichochoro cha kupitia watoto kwenda skuli bila ya kukanyaga barabara kuu. Tangazo lilibandikwa Ijumaa, kikao kikawa Jumatatu asubuhi, watu wako kazini. Tulikwenda wanne. Tulizungumza kwa uchungu, mmoja wetu akalia. Mwenyekiti wa kikao alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Mna karatasi yoyote?" Hatukuwa nayo. Leo pale pana ukuta, na watoto wanapita barabarani baina ya daladala na bodaboda. Kila asubuhi nasimama pale na mwanangu wa mwisho, namshika mkono mpaka tuvuke. Nimeingia kwenye kamati kwa ajili ya ukuta ule.

Kwenye kikao chagueni mtu mmoja wa kusoma na mmoja wa kuandika. Msitukane. Hata kama mmetukanwa.

Mbona mnashughulika sana na karo, yaani mashimo ya maji machafu, na mitaro?

Kwa sababu mvua za masika haziangalii mchoro. Mtaa wetu ulijengwa kwa nyumba za chini, kila moja na karo lake. Ukiweka familia arubaini pahala palipokuwa na nyumba sita, maji machafu yatakwenda wapi? Kama jibu ni "karo kubwa zaidi", basi ulizeni litakuwa umbali gani kutoka kile kisima cha Bi Mkubwa. Na kama kiwanja kitamwagiwa zege chote, maji yaliyokuwa yakizama pale yataingia sebuleni kwa mtu. Waliokaa Sebleni na Mwanakwerekwe wanajua nyumba ikijaa maji inanuka vipi wiki mbili baadae.

Vijana tunataka kuoa, hatuna pa kukaa. Nyinyi wazee si mnatuzibia?

Swali hili liliulizwa na mtoto wa jirani yangu, mbele za watu, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Ana miaka 29. Amechumbia, posa imepokelewa, na arusi inaahirishwa kwa sababu chumba alichonacho analala na kaka zake wawili. Nilinyamaza kidogo kabla ya kumjibu, kwa sababu ana haki.

Nilimwambia hivi: fleti zile naye nataka aipate moja. Ndiyo sababu kwenye barua yetu tumeandika kwamba zijengwe, na tumeonyesha wapi. Upande wa kusini pana magofu mawili na gereji isiyotumika. Tumevipima, na jengo linaingia bila ya kugusa kiwanja. Tumeomba sehemu ya fleti ziwe kwa bei ambayo mwalimu au fundi wa hapa anaimudu kwa kulipa kidogo kidogo. Maana kama zitajengwa juu ya kiwanja na kuuzwa kwa dola kwa watu watakaokuja wiki mbili kwa mwaka, yeye atakuwa amekosa nyumba na amekosa pa kuchezea mpira wanawe.

Sasa ni mjumbe wa kamati, na ndiye anayechora ramani zetu, kwa mkono ulionyooka kuliko wa kwangu.

Jirani yangu anataka kuuza nyumba yake. Ni msaliti?

Hapana. Ana watoto wa kusomesha au mgonjwa wa kumtibu, na nyumba ni yake. Tunachomuomba ni kutuambia mapema, pengine akapatikana mnunuzi wa hapa, na kuandika kwenye mkataba kwamba baraza ya mbele na njia ya kando zinabaki wazi kama zilivyokuwa.

Nyuma yenu kuna chama gani?

Hakuna. Najua kwa nini swali hili linaulizwa. Zanzibar neno maskani, yaani pahala pa watu kukaa na kuzungumza, limebeba siasa kwa miaka mingi, na kuna baraza ambazo ukikaa tu umeshahesabiwa. Kwenye kamati yetu wamo wa pande zote, na tumewekeana sharti: fulana ya chama haivaliwi kikaoni na uchaguzi hauzungumzwi. Mwanachama mmoja alilivunja sharti hilo na tukamuomba apumzike mpaka kura zipite. Alirudi.

Fleti zikishajengwa, ngazi na pampu atatunza nani?

Zanzibar ina Sheria ya Kondominio tangu 2010: kila mtu na fleti yake, na vitu vya pamoja kama ngazi, paa, pampu na uwanja vinasimamiwa na wakaazi kwa ushirika. Ulizeni mapema ushirika huo utaundwa lini na mchango wa mwezi ni kiasi gani. Jengo lisilokuwa na mchango taa za ngazini huzima moja moja mpaka mnapanda gizani.

Mimi niko Wete, Pemba. Yananihusu?

Yanakuhusu, na wewe una bahati ya muda. Chake, Wete na Mkoani bado zina miti mikubwa katikati ya mji na viwanja ambavyo hakuna aliyevimezea mate. Chukueni kamba yenu sasa hivi.

Sina muda wa mikutano. Naweza kusaidia vipi?

Fungua albamu yako. Tunatafuta picha yoyote yenye kiwanja nyuma yake: arusi, sikukuu, timu ya mpira, mtoto aliyevishwa kanzu ya kwanza. Andika nyuma mwaka na nani yumo, tutaipiga kopi na kukurejeshea siku hiyo hiyo. Tunazo kumi na saba. Iliyokuja juzi ni ya Bi Mkubwa wa kisima, nyeusi na nyeupe, pembe moja imeliwa na mchwa. Wasichana watano wamesimama na ndoo, na mmoja ameegemea ukingo wa kisima huku akicheka. Ukingo ule leo haupo, lakini pete ya chuma ya kifuniko inaonekana wazi, ile ile. Nyuma pameandikwa kwa kalamu ya risasi majina ya wasichana wote watano, na mwaka: 1959.

Tumeibandika ukurasa wa kwanza wa barua yetu. Kikao ni Jumamosi baada ya alasiri, chini ya mkungu, na anayeweza aje na kiti chake.